Je, wajua kwa nini wakala wa akili unde huhesabu mafaili 1000 penye mafaili 40,000?

Tuseme ofisi moja imehifadhi risiti zake kwenye Amazon S3, huduma ya kuhifadhi data katika wingu iliyoanza mwaka 2006, na mhasibu anamwagiza wakala wa akili unde, yaani programu inayomfanyia mtu kazi kwa niaba yake, ahesabu risiti zote zilizomo. Baada ya sekunde chache anajibiwa kuwa ziko 1000. Namba iliyokaa sawasawa namna hiyo humtia shaka mhasibu yeyote, na shaka yake ni ya haki, kwa kuwa risiti zenyewe zinapita 40,000.

Ili kuona kosa lilipoingilia, ni lazima kwanza ieleweke kwamba wakala huyo haingii mwenyewe ndani ya hifadhi. Modeli ya lugha inayomwendesha kazi yake ni kuzalisha maandishi, basi. Watengenezaji huipatia maelezo ya zana, yaani jina lake, kazi yake na taarifa inazohitaji, kama vile jina la hifadhi na herufi za mwanzo za majina yanayotafutwa. Modeli inapohitaji orodha huandika ombi kwa muundo uliokubaliwa, kisha zana yenyewe, ambayo ni programu nyingine ya kawaida kabisa, hulichukua ombi hilo, huwasiliana na seva, na kuirudishia modeli majibu yakiwa maandishi. Itifaki ya Model Context Protocol, ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024, imeweka utaratibu wa pamoja wa mazungumzo hayo, hivyo zana moja inaweza kutumiwa na mawakala wa kampuni tofauti.

Seva ya S3 haitoi zaidi ya majina 1000 kwa ombi moja. Ile ya Azure, huduma kama hiyo ya kampuni ya Microsoft, hufikia 5000. Ukomo huo una maana, kwa sababu hifadhi moja inaweza kubeba mabilioni ya mafaili, na hakuna seva wala mtandao wa kuyamwaga yote kwa mkupuo. Yanapobaki mengine, jibu huja na alama kwamba orodha imekatwa, pamoja na tokeni ambayo mwombaji huirudisha ili apewe sehemu inayofuata. Zana ya ofisi yetu iliipuuza tokeni hiyo, na modeli, isiyokuwa na njia nyingine ya kujua, ikadhani imeona yote.

Mtu atauliza kwa nini zana isiikabidhi modeli majina yote 40,000. Tatizo ni kwamba modeli ina kikomo cha maandishi inayoweza kuyazingatia kwa wakati mmoja, na majina hayo yangekijaza kikomo hicho au kukivuka, tena bila faida, maana modeli za lugha si hodari wa kuhesabu. Zana iliyotengenezwa vizuri huzipitia sehemu zote za orodha yenyewe, ikahesabu, kisha ikarudisha jumla pamoja na majina machache ya mfano. Kwa maoni yangu, zana inayokata orodha bila kusema ni mbaya kuliko inayogoma kabisa, kwa kuwa ya pili humfanya mtu atafute msaada.

Mpangilio wa majina nao una mtego. S3 hupanga majina kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, kwa hiyo «risiti-10» hutangulia «risiti-2», na herufi kubwa hutangulia ndogo. Wakala akiombwa faili jipya kuliko yote asichukue la mwisho kwenye orodha, bali alinganishe tarehe za mafaili yote, isipokuwa kama ofisi imekuwa na busara ya kuanza majina kwa mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2025-03-14. Hata folda tunazoziona kwenye skrini, katika S3 ya kawaida, ni namna tu ya kuonyesha: «risiti/2024/machi.pdf» ni jina moja refu, na mkwaju (/) ni herufi kama nyingine. Ndiyo maana kumpa wakala mwanzo wa jina, «risiti/2024/», hupunguza kazi kuliko kumwacha apekue hifadhi nzima.

Jambo la mwisho ni ruhusa. Kuorodhesha na kusoma ni ruhusa mbili tofauti, na wakala aliyepewa ya kusoma peke yake, akiomba faili lisilokuwapo, S3 humjibu kwa namba 403, yaani amekatazwa, badala ya 404, yaani halipo. Seva hufanya hivyo makusudi ili asiyeruhusiwa kuona orodha asiweze kuijenga kwa kubahatisha majina. Wakala asiyeelezwa hilo humrudia mhasibu na taarifa kwamba faili limefungwa, naye mhasibu akapoteza asubuhi nzima akiomba ufunguo wa mlango usiokuwapo.