Hapana, si kila tabia mpya hujengeka kwa siku 21

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Goma unazunguka ujumbe: “Saikolojia imethibitisha, fanya jambo siku 21, litakuwa tabia.” Si kweli. Namba hiyo ilitoka kwenye kitabu cha 1960 cha daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Marekani, aliyeona wagonjwa wakihitaji angalau siku 21 kuzoea sura mpya. Hayo ni aliyoyaona kazini, si jaribio. Na lile “angalau” likadondoka njiani. Utafiti wa London uliochukua watu 96 ulipata kwamba tabia ilijengeka kwa siku 66 kwa mtu wa katikati (nusu walichukua chache zaidi, nusu nyingi zaidi), kuanzia 18 hadi 254. Hata hizo 254 ni makadirio, maana watu walifuatiliwa siku 84 tu! Kabla ya kusambaza, tafuta: walipimwa wangapi, kwa njia gani, nani amerudia akapata jibu lilelile? Ujumbe usiojibu hayo, uishie kwako.