Plastiki ya bakteria: yanayosemwa na ukweli wake

"Plastiki ikitokana na mmea, lazima ioze." Si kweli, na dhana hii ndiyo inayowapoteza wengi. Tangu 2010 kampuni ya Braskem ya Brazili hutengeneza polithini kutokana na pombe ya miwa. Ni polithini ileile tuijuayo, na ikitupwa haiozi. Kinachoamua kuoza ni namna molekuli zilivyoungana, wala si shamba zilikotoka. Kwa hiyo ukiuziwa mfuko wa "mimea", uliza ni plastiki ya aina gani na huozea wapi.

"Bakteria wanamwagiwa taka, wanatoa plastiki." Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Plastiki iitwayo PHB ni akiba ya chakula ambayo bakteria hujiwekea ndani ya seli, kama sisi tunavyojiwekea mafuta mwilini. Cupriavidus necator, mmoja wa mabingwa wa kazi hii, akipewa sukari tele huku akinyimwa naitrojeni, hushindwa kuongezeka, basi sukari ile huigeuza akiba. Hujaa chembechembe za PHB hadi zikapita nusu ya uzito wake mkavu. Hapo seli hupasuliwa, chembe zikasafishwa, ikabaki unga mweupe unaoyeyushwa na kufinyangwa.

Lakini sukari hiyo itoke wapi? Makapi ya miwa na mabua ya mahindi yanayo, ila imefungwa ndani ya selulosi na hemiselulosi, yaani nyuzi za kuta za seli za mmea, na lignini, kitu kigumu kama gundi, imeyashika yote. Sharti yachemshwe kwa asidi au mvuke, kisha yavunjwe kwa vimeng'enya. Uchemshaji wenyewe huzalisha furfurali, sumu kwa bakteria walewale unaotaka kuwalisha. Tena bakteria wengi hawaili zailosi, sukari kuu ya hemiselulosi ya makapi hayo. Ndiyo maana Burkholderia sacchari, aliyepatikana katika udongo wa shamba la miwa Brazili, ana thamani kubwa: yeye huila.

"Ni uvumbuzi wa juzi." Maurice Lemoigne aliieleza PHB huko Paris mwaka 1926. Mwaka 1990 plastiki ya jamii yake tayari ilikuwa chupa ya shampuu Ujerumani.

"Plastiki za bakteria zote huoza popote." PHB huliwa na vijidudu vya udongoni na hata baharini, ingawa kipande kinene au penye baridi huchukua muda mrefu. PLA, plastiki ya asidi ya laktiki, ni habari nyingine. Bakteria hutengeneza asidi hiyo tu, kiwanda ndicho kinachoiunganisha kuwa plastiki, nayo huhitaji mboji ya kiwandani yenye joto la nyuzi 60 hivi. Kikombe cha PLA kilichotupwa mtaroni kitaziba mtaro kama kikombe kingine chochote.