Ng'ombe Mzima, Bakteria Sugu

"Ng'ombe wangu hawaugui, kwa hivyo usugu wa dawa haunihusu." Utayasikia maneno haya Njoro, Bahati hata Subukia, huku Nakuru, na kati ya dhana zote ndiyo inayonitia hofu zaidi. Anayekuwa sugu, yaani asiyeuawa tena na dawa, si ng'ombe, ni bakteria. Matumbo ya ng'ombe mwenye afya yamejaa bakteria, E. koli wakiwemo, na wengi wao hawamdhuru. Ukimdunga oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa sababu ya kidonda cha mguu, dawa huwafikia hao wa tumboni pia. Wanyonge hufa, wenye jeni za usugu hubaki na kuzaana. Ng'ombe hupona, hukamuliwa vizuri, huku kinyesi chake kikiendelea kusambaza bakteria sugu bomani. Hata ng'ombe jirani ambaye hajawahi kudungwa huwaokota kwenye maji na malisho. Tena bakteria hupeana jeni hizo kupitia vipande vya DNA viitwavyo plasmidi, kwa hiyo E. koli mpole anaweza kumpa usugu salmonela, bakteria anayeleta ugonjwa.

"Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa hayauzwi, basi ndama anywe." Naielewa sababu: kumwaga maziwa kunauma, hasa karo ikidaiwa. Lakini mabaki ya dawa yaliyomo ni dozi ndogo ndogo, isiyotibu chochote, inayowachuja bakteria wa tumbo la ndama hadi wabaki wale sugu. Utafiti umeonyesha kwamba ndama wanaonyweshwa maziwa hayo hutoa E. koli sugu wengi zaidi kwenye kinyesi. Asipewe.

"Ukichemsha maziwa, yote yameisha." E. koli hufa, ndiyo. Mabaki mengi ya dawa hustahimili moto, ndiyo maana siku za kungojea kabla ya kuuza maziwa, zilizoandikwa kwenye chupa, zinapaswa kuheshimiwa. Na bakteria hao wana njia nyingine nje ya sufuria: mikono ya mkamuaji, maji ya kisima, samadi mbichi iliyotupwa kwenye dania ya kachumbari. Duniani, mwaka 2019, maambukizi ya bakteria sugu yalisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27.

"Homa yoyote, sindano ya agroveti." Ndigana kali huletwa na kimelea kiitwacho Theileria, anayeenezwa na kupe. Si bakteria. Matezi yakivimba chini ya sikio na homa ikapanda, oksitetrasaiklini peke yake haitamponya. Dawa yake ni buparvakwoni, na mapema. Ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe lakini unaoletwa na bakteria, ndiyo husikia oksitetrasaiklini. Bila daktari wa mifugo kupima, unapoteza ng'ombe na unawafunza bakteria wa tumboni dawa ambayo hukuihitaji.

Ugonjwa wa kiwele ndio unaomaliza dawa nyingi kwenye ng'ombe wa maziwa, na hapo mkulima ana nguvu kubwa: sakafu kavu, mikono iliyonawiwa, kitambaa safi kwa kila ng'ombe, chuchu kuchovywa dawa ya kuua viini baada ya kukamua, na mwenye kiwele kigonjwa akamuliwe wa mwisho.