Meza Dawa Ukiwa Bado Unalia: Maswali ya Waliogunduliwa na Sukari ya Ukoo

Kwenye kliniki ya sukari hapa Kisumu, anayelia akipewa majibu hanisumbui. Anayelia hurudi. Anayenikosesha usingizi ni yule anayeitikia kwa upole, "Sawa sista, asante," anatia dawa mfukoni, kisha hatumwoni tena mpaka aletwe kwa boda boda na kidonda kinachonuka mguuni. Mara nyingi huyo alimzika mzazi kwa ugonjwa huu huu. Maswali haya ni yale ambayo watu wa aina yake huniuliza, wengine wakiwa wamechelewa.

Kisukari ni nini hasa?

Ni sukari kuzidi kwenye damu kwa sababu mwili hautengenezi insulini ya kutosha (homoni inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini itumike), au iliyopo haifanyi kazi yake vizuri. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula chochote, kipimo kikawa 7.0 mmol/L au zaidi, na kikirudiwa siku nyingine kikasema vivyo hivyo, basi unacho. Watu wazima wengi wenye sukari ya ukoo wana aina ya pili, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa. Mwenye aina ya kwanza anahitaji insulini tangu siku ya kwanza, na hilo halina mjadala.

Nyanya alikuwa nayo, baba alikuwa nayo, sasa mimi. Hii si chira, laana ya mwiko uliovunjwa?

Si chira, wala hujarogwa. Mzazi mmoja akiwa na kisukari cha aina ya pili, uwezekano wa mtoto kukipata maishani hukadiriwa kuwa karibu 40 kwa 100. Wakiwa nacho wazazi wote wawili, unapanda zaidi. Lakini angalia hesabu hiyo tena: hata hapo, wengi wenye mzazi mmoja mgonjwa hawakipati. Na ukoo haurithishani damu peke yake. Tunarithishana pia chai ya vijiko vinne vya sukari, mandazi kila asubuhi, na ugali unaojaza sahani huku mboga ikiwekwa pembeni kama pambo.

Kukonda ndiko kunakowatia watu wasiwasi wa chira. Mwili ukishindwa kuitumia sukari, unaimwaga kwa mkojo na kuanza kula mafuta na misuli yake wenyewe. Wazee wanaitana kutafuta ni mwiko upi uliovunjwa, mgonjwa ananyweshwa manyasi, dawa ya mitishamba ya chira, na siku zote hizo sukari inapanda tu. Kikao kifanyeni kama lazima. Mgonjwa mwacheni aje kliniki.

Tangu niambiwe silali, nina hasira na kila mtu, hata na marehemu mama. Nimeharibika akili?

Hapana. Kama ulimwuguza mama, ukambeba kumpeleka chooni, ukaona mguu ukikatwa, basi siku uliyopewa majibu hukusikia neno "sukari". Ulisikia maisha yake yote yakisomwa kwa jina lako. Hasira, majonzi, aibu, hata kumlaumu aliyekuzaa, yote hayo huja. Tafuta mtu mmoja tu umwambie wiki hii: mke, mume, dada, rafiki wa kanisani anayejua kufunga mdomo. Usijaribu kubadilisha maisha yote kufikia Jumapili.

Ila wenye kisukari hupata sonona karibu mara mbili zaidi ya wengine. Huzuni ikizidi wiki mbili, chakula hakipiti, usingizi umepotea, kazi uliyoipenda huitaki, tuambie kliniki, maana hiyo nayo inatibiwa. Yakikujia mawazo ya kujiua, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Naweza kungoja kwanza moyo wangu ukubali, ndipo nianze dawa?

Hapana. Moyo una ratiba yake na figo zina yake. Meza dawa ukiwa na hasira. Meza ukiwa huamini. Meza ukiwa bado unalia. Kukubali kutakuja polepole, na kukija kukukute una macho na miguu yote miwili.

Lakini sisikii ugonjwa wowote.

Jibu ni lile lile: usingoje. Sukari huharibu macho, figo na neva za miguu kimya kimya, kwa miaka. Ganzi ya mguu haiumi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa unaweza kukanyaga mwiba asubuhi na usijue mpaka jioni uone damu kwenye ndara. Kila usiku tazama nyayo zako na katikati ya vidole. Usitembee miguu mitupu, hata uani. Usiote moto kwa miguu msimu wa baridi. Tumetibu majeraha ya moto ambayo mwenyewe hakuyasikia.

Baba alianzishiwa sindano, akafa mwaka huo huo. Si afadhali nikatae insulini?

Swali hili nalijibu karibu kila siku ya kliniki, na naomba nisikike vizuri. Sindano haikumwua baba yako. Insulini ni kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza. Imetumiwa kutibu watu tangu 1922, na kabla ya hapo mtoto mwenye aina ya kwanza alikuwa anasubiri kuzikwa tu. Kilichotokea kwa wazee wetu wengi ni kwamba walikaa na sukari ya 20 na zaidi kwa miaka, wakanywa mwarobaini, wakagawana tembe na jirani, wakaacha dawa walipojisikia nafuu. Walipofika hospitali, figo zilikuwa zimechoka na mguu umeoza. Ndipo insulini ikaanzishwa. Kuilaumu ni sawa na kumlaumu mzimamoto kwa sababu alionekana kwenye kila nyumba iliyoungua.

Kwa hiyo, tena: sindano haikumwua. Kuchelewa ndiko kulikomwua. Na wewe unayekataa kwa ajili ya kumbukumbu yake unajiandaa kuchelewa vivyo hivyo.

Si kila mtu ataihitaji. Wengi wa aina ya pili huanza na tembe za metformini. Zinaweza kukuchafua tumbo wiki za kwanza, basi zimeze pamoja na chakula, na zikikushinda rudi useme. Usizitupe chooni halafu utuambie unameza. Ukipewa insulini au glibenklamidi (tembe nyingine ya sukari), jifunze dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pumzika dakika 15, pima tena kama una mashine, kisha ule. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Mchungaji ameniombea na akasema nimepona.

Omba, nami naomba. Kisha meza dawa. Kama umepona, mashine itasema, na daktari ndiye atakayekupunguzia dawa. Usizipunguze mwenyewe.

Mimi ni mwanamume, na nimesikia sukari inamaliza nguvu.

Sukari isiyotibiwa ndiyo inayoharibu mishipa na neva, za huko pia. Wanaume hukimbia dawa kwa hofu hii, na kule kukimbia ndiko kunakoileta. Mkiwa na tatizo, njoo useme, mke akiwepo au asiwepo. Hatucheki. Dawa za nguvu za kando ya barabara achana nazo, hasa kama una presha au moyo.

Nyumbani wameanza kunipikia peke yangu. Najiona kama mgeni.

Waambie waache. Chakula chako kinafaa watu wote wa nyumba hiyo, hasa wanao, ambao wamezaliwa katika ukoo huo huo. Nusu ya sahani iwe mboga (sukuma, osuga, mrenda), robo ugali, robo samaki, omena au maharagwe. Na ugali wa wimbi si dawa, jamani. Ukila mlima wake, sukari itapanda vile vile. Sukari ya chai na soda ziondoke. Kwenye matanga huna haja ya kusimama kutangaza ugonjwa wako: omba mboga zaidi, chukua ugali kidogo, kaa na watu.

Niwaambie ndugu zangu, au nitawatia hofu?

Waambie, na kabla ya Krismasi mnapokutana wote kijijini, kwa sababu baadhi yao tayari wanayo na hawajui. Ndugu wote watu wazima wapimwe, wa kwanza akiwa yule mwenye kitambi, yule anayeamka kukojoa usiku, na dada aliyewahi kuambiwa ana sukari akiwa mjamzito. Kupima ni tone la damu kidoleni. Wahudumu wa afya ya jamii walipogawiwa mikoba ya vifaa mwaka 2023, mashine ya sukari ilikuwa ndani yake, kwa hiyo mwulize wa kijiji chenu. Akikosa vijiti vya kupimia, zahanati ipo. Atakayekutwa nayo mlete mwenyewe siku yako ya kliniki, umshike mkono, na asirudi nyumbani bila tarehe yake kuandikwa.