EPO haisisimui misuli

Juzi tena nimemsikia mtangazaji akisema mkimbiaji wa mbio ndefu amefungiwa kwa kutumia "dawa za kusisimua misuli". Sentensi iliyofuata akaitaja dawa yenyewe: EPO, ambayo ni homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Nikazima redio.

Homoni ni kemikali inayotengenezwa sehemu moja ya mwili, ikasafiri kwa damu, ikatoa amri sehemu nyingine. Dopingi ni kutumia kitu au mbinu iliyokatazwa na kanuni za michezo. Homoni ni kundi mojawapo tu humo. Maana imeishia hapo. Kinachoniudhi ni hiyo misuli.

EPO hutoka kwenye figo. Oksijeni ikipungua, figo huimwaga kwenye damu, nayo huuagiza uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu zaidi. Anayejidunga ile ya maabara anajiongezea wabebaji wa oksijeni. Misuli itafaidi, ndiyo, lakini kilichochezewa ni damu, tena huwa nzito kiasi cha kuweza kuganda ndani ya mshipa.

Testosteroni je? Hiyo kweli ni ya misuli, ila haiisisimui, inaijenga, polepole, wiki baada ya wiki. Amfetamini ndizo zinazosisimua, lakini zinasisimua ubongo. Halafu kuna propranololi, inayotuliza mapigo ya moyo na kuuzuia mkono usitetemeke, ndiyo maana walenga shabaha wamekatazwa. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili za bastola Beijing mwaka 2008 kwa sababu yake. Mtu anatafuta kidole kitulie kwenye kifyatulio, sisi tunasema kasisimuliwa misuli!

Cha kuchekesha, "kusisimua" lenyewe halikupotea njia. Mwaka 1902, Ernest Starling na William Bayliss walitia asidi kwenye kipande cha utumbo mdogo wa mnyama, neva zake zikiwa zimekatwa, na bado kongosho ikaanza kutiririsha majimaji yake. Ujumbe haukupita kwenye neva. Ulipita kwenye damu. Mwaka 1905, katika mihadhara yake London, Starling akaviita vitu vya aina hiyo homoni, kutoka kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha, kuchochea, na ukipenda, kusisimua. Kwa hiyo nusu ya msemo wetu ina ukoo mzuri tu. Misuli ndiyo tuliyoichomeka wenyewe.

Basi ndugu mtangazaji, "dawa zilizokatazwa michezoni" inatosha, na jina la dawa ukiwa nalo, litaje tusikie. Ila ile ya "amekutwa na homoni mwilini" naomba tuiache kabisa. Hata daktari aliyempima anazo.