Ukikodi basi la msiba, uliza kwanza dereva amelala wapi

Simu nyingi zinazonifikia huanza na swali moja: "Basi la kwenda Moshi ni shilingi ngapi?" Anayepiga ni mwanakamati wa msiba, ana daftari la michango mkononi, muda hana. Namwelewa. Lakini kazi yangu ni kutafutia vikundi mabasi, iwe kwaya, shule, harusi au msiba, na mimi humrudishia swali langu: mnaondoka saa ngapi, na mnazika saa ngapi? Bei inatoka hapo. Usalama wenu pia unatoka hapo.

Tuchukue msiba wa kawaida wa Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro. Mwili unachukuliwa hospitali mchana, unapelekwa nyumbani Tabata au Kimara, ibada inafanyika, watu wanaaga, na mpaka wote wamepanda basi ni saa tatu usiku. Maziko ni kesho yake saa nane mchana. Njia ni kama kilomita 560. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni 50. Ukiongeza kusimama kwa chai na kujisaidia, ni mwendo wa saa tisa mpaka kumi. Kwa hiyo dereva ataendesha usiku kucha, na zile saa ambazo usingizi humzidi nguvu binadamu yeyote, kuanzia saa nane mpaka kumi na moja alfajiri, zitamkuta kati ya Mombo na Same, barabara imenyooka, nje giza, na ndani abiria wote wamelala.

Sasa angalia bei ya chini inavyopatikana. Mwenye basi ana gari linalotoka Dodoma asubuhi na kuingia Mbezi mchana. Kesho yake jioni linatakiwa njiani tena. Katikati hapo kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo anayokuuzia. Gari limeshalipiwa gharama zake nyingi, kwa hiyo anaweza kukupa bei ambayo mwingine hawezi kuifikia. Chuma hakichoki namna hiyo. Likiwekwa mafuta linaondoka. Lakini mara nyingi dereva ni yuleyule aliyeamka saa tisa alfajiri kule Dodoma. Hilo halimo kwenye bei uliyotajiwa, na hakuna atakayekuambia usipouliza.

Kwa hiyo uliza, tena bila aibu: dereva wetu ameingia mjini lini? Alilala wapi jana? Nani atampokea usukani, na atampokea wapi? Kanuni zinataka safari inayozidi saa nane iwe na madereva wawili. Tatizo ni kwamba "dereva wa pili" wakati mwingine huwa ni utingo mwenye leseni mfukoni. Mimi huomba majina ya wote wawili na nakala za leseni zao, daraja C linaloruhusu basi, kabla ya kutoa malipo ya awali. Mabasi ya mikoani yana mfumo wa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake mwenyewe anaposhika usukani. Muulize mwenye basi kama wote wawili wana vitufe. Asiyekuwa nacho hakuandaliwa kuendesha.

Usiku wa Februari 3, 2023, kule Korogwe, Coaster iliyobeba mwili na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso. Watu wasiopungua 17 walikufa. Siitaji ajali hiyo ili kumlaumu dereva wa Coaster. Naitaja kwa sababu ni njia ileile na safari ileile tunayoipanga kila wiki, na kwa sababu usiku kosa la mwenye gari jingine linamhitaji dereva aliye macho kabisa ili aweze kulikwepa. Mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya katazo, na ruhusa hiyo imesaidia wengi. Ila ruhusa haiongezi usingizi wa mtu. Ushauri wangu kwa familia ni huu: kama inawezekana, ageni jioni, mlale, muondoke saa kumi na moja alfajiri na kuzika siku inayofuata. Najua gharama ya kulisha watu siku moja zaidi. Bado nitaendelea kushauri hivyo.

Tukija kwenye fedha: basi kubwa hula wastani wa lita moja kwa kilomita tatu. Kwenda na kurudi Moshi, pamoja na kupanda kijijini, weka kilomita 1,200, yaani lita 400 hivi. Zidisha kwa bei ya dizeli ya mji wako. EWURA, mamlaka inayodhibiti mafuta na umeme, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo bei uliyopewa mwisho wa mwezi inaweza kubadilika kabla hamjaondoka. Andikianeni na mwenye basi ni nani anabeba tofauti. Juu ya mafuta weka posho za madereva wawili na utingo, kisha siku ambazo basi litalala kijijini bila kuingiza kitu. Ukipewa bei ambayo haizidi sana mafuta peke yake, jua kuna mtu ambaye hajalipwa, na mara nyingi ni yule anayeendesha.

Kabla ya kulipa, nenda ukalione gari. Namba iwe nyeupe, ya biashara. Basi la taasisi lenye namba ya njano linaweza kuwa zuri sana, lakini halina leseni ya kubeba abiria wa kulipa, na likipata ajali bima inaweza kugoma. Bima yenyewe unaweza kuihakiki mtandaoni kwa TIRA, mamlaka ya bima, ukiwa na namba ya gari. Kama ni basi la njia nyingine, mwenye gari awe na kibali cha LATRA cha safari hii. Trafiki watakiuliza Chalinze wakati jeneza liko ndani, na hapo si mahali pa kuanza kupiga simu.

Halafu inama kwenye tairi za mbele. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne. Ukikuta 3522, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi lenye miaka saba au minane, hata kama kashata zake, yaani meno yanayoshika barabara, bado zinaonekana nzuri, silikubali mbele. Mpira hukauka ukiwa umesimama. Ukimaliza, panda ndani uangalie mikanda, nyundo za kuvunjia vioo na mlango wa dharura. Mwambie utingo aufungue mbele yako, kwa sababu ipo milango iliyozibwa na siti ya ziada.

Suala la siti lina heshima yake. Basi la siti mbili kwa mbili huchukua watu kati ya 45 na 53. La mbili kwa tatu hufika 60 na zaidi. Msibani hakuna anayefukuzwa, na dakika ya mwisho shangazi atatokea na watoto wawili. Andikeni majina mapema na muache siti nne wazi. Kumsimamisha mtu kwenye korido usiku mzima si ukarimu.

Jambo ambalo kamati za Dar husahau ni njia ya mwisho. Basi la mita 12 halipandi kila mahali Kibosho au Uru, vijiji vya mlimani juu ya Moshi. Kuna kona zilizobanwa na kingo za migomba, nyaya za umeme zilizolegea, na wakati wa masika kuna utelezi. Mwombe ndugu aliye kijijini atembee kutoka lami hadi nyumbani akipiga picha kila kona, kila kalavati, na sehemu ambayo basi litageuzia. Mpelekee dereva picha hizo. Akisema hapandi, mwamini. Kodini Noah mbili za kupokea watu kwenye lami, na gari dogo la mwili.

Mkifika, madereva wapewe chumba chenye mlango unaofungwa, mbali na maturubai na spika, na wasitumwe kuchota maji wala kufuata mchele Moshi mjini. Na kuhusu ndizi za kurudi nazo: mabasi hupimwa mizani, na ekseli ya nyuma yenye tairi pacha mwisho wake ni tani 10. Magunia yote yakirundikwa kwenye buti la nyuma, mtashushwa kwenye mizani ya Njiapanda, karibu na Himo. Mwachieni utingo ayapange yeye, mengine yakae katikati, na yatakayobaki yaje kwa gari la mizigo Jumatatu.