Kitanda Bila Muuguzi si Nafasi: Dhana Potofu Kuhusu Nyumba za Maveterani Marekani

Kila jimbo la Marekani, pamoja na Puerto Rico, lina angalau nyumba moja ya kuwatunza maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, waliozeeka au kulemaa. Kwa jumla ni zaidi ya 160, nazo hubeba zaidi ya nusu ya maveterani wanaotunzwa katika nyumba za uuguzi kwa fedha za Idara ya Masuala ya Maveterani. Vinahitajika vitanda vingapi, wapi, na kwa ajili ya nani? Majibu mengi yanayotolewa kwenye mabaraza ya majimbo yanatokana na dhana zisizosimama zikipimwa. Anayeumia ni mzee wa miaka 87 ambaye hana muda wa kusubiri marekebisho.

Dhana: Maveterani wanapungua, basi vitanda navyo vipunguzwe

Ni kweli wanapungua. Wamarekani zaidi ya milioni 16 walitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na waliobaki hai leo ni wachache mno. Maveterani wote kwa sasa ni takriban milioni 18, na idadi hiyo inashuka mwaka hadi mwaka.

Lakini anayeingia nyumba ya uuguzi mara nyingi ni mtu aliyevuka miaka 80, asiyeweza tena kuoga, kuvaa au kwenda msalani bila kushikwa mkono, na mwenzi wake ama ameshafariki ama naye amechoka. Tukipiga hesabu ya kizazi cha Vietnam, kijana wa miaka 20 mwaka 1968 alizaliwa 1948, na atatimiza miaka 85 mwaka 2033. Aliyejiunga akiwa na miaka 18 mwaka 1975, vita vilipokwisha, atafika umri huo mwaka 2042. Jumla inashuka huku kundi la wazee sana likikua. Jimbo linalotazama jumla peke yake litafunga wodi miaka michache tu kabla ya kuihitaji.

Wanawake nao wanaongezeka miongoni mwa maveterani. Majengo mengi ya zamani yalichorwa kwa kudhani wakazi wote ni wanaume, wakichangia chumba na bafu. Katika jengo kama hilo, kitanda kinaweza kuwa wazi na bado mwanamke aliye kwenye orodha asikipate.

Dhana: Ni nyumba za serikali kuu, Washington ndiyo ipange

Mwenye nyumba ni jimbo. Ndilo linaloajiri, linaloweka masharti ya kupokelewa na linalobeba lawama mambo yakiharibika. Mchango wa serikali kuu ulianza mwaka 1888, Bunge la Marekani liliporuhusu majimbo yalipwe dola 100 kwa mwaka kwa kila veterani anayetunzwa. Leo Idara hulipa kiwango fulani kwa kila siku ya mkazi, hukagua nyumba, na inaweza kutoa ruzuku ya ujenzi au ukarabati isiyozidi asilimia 65 ya gharama. Asilimia 35 iliyobaki hutoka jimboni. Mradi ambao jimbo limekwisha kuutengea fungu lake hutangulia kwenye foleni ya ruzuku, na usio na fungu hurudi nyuma hata kama shida yake ni kubwa. Kwa hiyo mpango huanzia kwenye bajeti ya jimbo, miaka kadhaa kabla ya msingi kuchimbwa.

Dhana: Vitanda 100 ni nafasi 100

Hii ndiyo dhana inayodhuru kuliko zote, na inastahili kuchambuliwa taratibu.

Kanuni za Idara zinadai kila mkazi wa nyumba ya uuguzi apate angalau saa 2.5 za huduma ya uuguzi ya moja kwa moja kila siku, siku saba za wiki. Wakazi 100 ni saa 250 kwa siku. Kwa zamu za saa nane, hizo ni zamu 31 na ushei kila siku, sikukuu zikiwemo, yaani karibu zamu 219 kwa wiki. Mtu mmoja akifanya zamu tano kwa wiki, wanahitajika watu 44. Hapo hakuna aliyekwenda likizo, aliyeugua, aliyejifungua wala aliyeacha kazi ghafla kwa sababu hospitali ya jirani inalipa zaidi. Na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Wodi ya wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huhitaji mikono zaidi, kwa maana mzee anayeamka usiku wa manane akitafuta kambi yake ya zamani hawezi kuachwa atembee peke yake.

Watu hao wakikosekana, nyumba huacha kupokea wakazi wapya. Hapo shida nyingine inazaliwa. Mkazi akilazwa hospitalini, Idara huendelea kulipia kitanda chake kwa siku 10 za mwanzo mfululizo, lakini kwa sharti kwamba nyumba imejaa kwa asilimia 90 au zaidi. Nyumba iliyopunguza wakazi kwa kukosa wauguzi inaweza kushuka chini ya kiwango hicho na kupoteza malipo hayo, wakati uleule inapohitaji fedha za kupandisha mishahara.

Tulishaona upungufu wa watu unavyoweza kuua. Mwishoni mwa Machi 2020, katika nyumba ya maveterani ya Holyoke, Massachusetts, wodi mbili za wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ziliunganishwa kwa sababu wahudumu hawakutosha. Wazee 42, wenye korona na wasio nayo, wakawekwa mahali palipozoea kuchukua 25. Mlipuko huo uliua maveterani wasiopungua 76. Kwenye makaratasi, nyumba ile ilikuwa na vitanda. Mpango wowote unaohesabu vitanda bila kuandika pembeni majina ya kazi na zamu zinazovihudumia haujakamilika, na afisa anayeusaini anapaswa kuambiwa hivyo.

Dhana: Orodha ya wanaosubiri ndiyo kipimo cha uhitaji

Orodha ina majina ya waliokwisha kufariki, waliojiandikisha nyumba mbili kwa pamoja, na wengi waliojaza fomu mapema kwa tahadhari ambao wakipigiwa simu husema, "Bado kidogo." Upande wa pili, haina jina la yule ambaye binti yake aliambiwa asubiri miaka miwili akakata tamaa. Kinachofaa ni kupiga simu kwa kila aliye orodhani mara kwa mara na kutenganisha walio tayari kuhamia sasa, wanaohitaji wodi ya kumbukumbu, na wanaohitaji usaidizi mdogo tu. Orodha ndefu ya wodi ya kumbukumbu haitatuliwi kwa vitanda vya kawaida.

Dhana: Ukomo wa vitanda ukifikiwa, mlango umefungwa

Sheria ya mwaka 1999 iliitaka Idara iweke ukomo wa vitanda vinavyoweza kupewa ruzuku katika kila jimbo, kwa kukadiria mahitaji ya maveterani wa miaka 65 na zaidi miaka kumi mbele. Sheria hiyohiyo ilitaka umbali wa safari uzingatiwe. Jimbo likithibitisha kuwa eneo lenye maveterani wa kutosha liko mwendo wa saa mbili au zaidi kutoka nyumba iliyopo, linaweza kuomba kuvuka ukomo. Kifungu hiki ni muhimu sana vijijini. Mke wa miaka 82 hawezi kuendesha gari saa tano kwenda na kurudi akamwone mumewe, na mkazi asiyetembelewa hunyong'onyea.

Dhana: Veterani hukaa bure

Baadhi ndiyo. Mwenye ulemavu uliotokana na utumishi wa kijeshi na kukadiriwa asilimia 70 au zaidi hulipiwa na Idara gharama yote ya uuguzi. Kwa wengine, mchango wa Idara hauruhusiwi kuzidi nusu ya gharama, na salio hutoka kwa jimbo, kwa mkazi mwenyewe au kwenye bima ya umma ya wenye kipato kidogo. Kwa mpangaji, mchanganyiko wa wakazi hao una uzito sawa na idadi yao.

Dhana: Huduma ni lazima iwe kitanda

Nyumba hizi zinaruhusiwa pia kutoa huduma ya mchana: veterani anafika asubuhi, anapata uuguzi, mazoezi na chakula, jioni anarudi kwake. Tangu sheria ya mwaka 2018, wenye ulemavu wa asilimia 70 na zaidi wanaweza kugharimiwa kikamilifu na Idara kwa huduma hiyo. Bado ni nyumba chache zinazoitoa. Jimbo linaloandika mpango wa miaka kumi lingeanza kwa kuuliza ni wangapi kwenye orodha yake wangebaki na familia zao miaka miwili zaidi endapo huduma hiyo ingekuwepo, kisha ndipo lihesabu vyumba vya kujenga.